Wasifu si Kujisifu

Katika maandishi yote ambayo mhitimu wa chuo kikuu huyaandika baada ya kuvua joho la mahafali, wasifu wa kuombea kazi ndio unaoandikwa mara nyingi zaidi, na ndio unaofikiriwa mara chache zaidi. Shairi hulitunga akipenda. Makala huiandika akiombwa. Lakini wasifu huuandika apende asipende, kwa kuwa riziki yake imo ndani yake. Hata hivyo, mwenye kupita katika madarasa yetu ya lugha na fasihi atasikia habari za tanzu nyingi, zilizo hai na zilizokufa, asisikie neno moja juu ya utanzu huu. Tumeuachia vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala, ambako jina la mtu mmoja hufutwa likaandikwa la mwingine, na mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa.

Najua yupo msomaji atakayeshangaa kuliona jambo hili katika kurasa hizi. Atasema kuwa wasifu ni karatasi ya ofisi, na kwamba fasihi haikuumbwa ili itumwe sokoni kutafuta mishahara. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Wasifu ni insha fupi ya mtu juu ya maisha yake mwenyewe, iliyoandikwa kwa msomaji asiyemjua, kwa kusudi la kuaminiwa. Insha, maisha, msomaji, kuaminiwa: hayo yote ni mambo yetu. Ikiwa sisi hatuna la kusema juu ya maandishi ya namna hiyo, basi sijui tuna la kusema juu ya nini. Neno ninalotaka kulitetea ni hili: wasifu ni ushahidi, si sifa, na wahitimu wetu hushindwa kuuandika, si kwa kukosa mambo ya kusema, bali kwa kuwa tumewazoeza kusema bila ya kushuhudia.

Twende kwanza kwenye neno lenyewe. Wasifu na sifa ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Kabla neno wasifu halijaingia ofisini lilikuwa na heshima yake vitabuni: Shaaban Robert aliliweka juu ya kitabu chake cha maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Wasifu wa mtu ulikuwa ni habari za maisha yake: alizaliwa wapi, alipata nini, alifanya nini, aliacha nini. Mataifa mengine nayo yana majina yao. Jina la Kilatini lina maana ya mwendo wa maisha. Jina la Kifaransa lina maana ya muhtasari. Hapana hata moja katika hayo lenye maana ya kujipamba.

Lakini sifa, katika Kiswahili, imezaa watoto wawili. Wa kwanza ni hali ya kitu kilivyo: ukali ni sifa ya pilipili. Wa pili ni maneno ya kutukuza. Tangazo la kazi linapoandika “sifa za mwombaji” lakusudia mtoto wa kwanza: lauliza umesoma nini, umefanya nini, waweza nini. Mwombaji humsikia mtoto wa pili, akajibu kwa kujitukuza. Mmoja ameuliza urefu wa kamba. Mwingine amejibu kuwa kamba ni nzuri. Wote wawili wametumia neno moja, na hawakuelewana hata kidogo.

Matokeo ya kosa hilo twayaona. Chukua wasifu wowote wa kawaida. Juu kabisa utakuta kuwa mwenyewe ni mchapakazi, mwenye kujituma, mwenye nidhamu ya hali ya juu, anayeweza kufanya kazi peke yake na pia pamoja na wenzake, chini ya uangalizi na bila uangalizi, katika mazingira yoyote. Chini kabisa utakuta kuwa apenda kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo. Katikati kuna orodha ya shule tangu ya msingi, na miaka yake. Nimepata kuketi miongoni mwa watu waliopewa rundo la maombi ya namna hiyo kuyasoma. Baada ya karatasi ya ishirini sikuweza kumtofautisha mtu na mtu. Wote walikuwa wachapakazi. Wote walikuwa na nidhamu. Wote walipenda kusafiri. Katika mkutano ambao kila mtu ni mrefu, urefu hautambulikani tena. Tuliteua kwa alama za mitihani, kwa sababu alama ndizo pekee zilizotofautiana. Hivyo waombaji wenyewe, kwa kuandika maneno yaleyale, walitunyima njia nyingine ya kuwajua, na huenda tuliowaacha walikuwa bora kuliko tuliowaita.

Siku hizi jambo hili limezidi uzito. Zipo programu za akili mnemba ambazo, ukizipa jina lako na jina la kazi, hukuandikia ukurasa mzima wa sifa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Baadhi ya wenzangu wanalia kuwa mashine zimeharibu wasifu. Naona kuwa mashine hazikuharibu kitu. Zimefichua tu kilichokuwa kimekwisha kuharibika. Ikiwa kitu kisichokuwa na mikono kinaweza kuandika kuwa ni kichapakazi, basi maneno hayo hayakuwa na kazi ndani yake tangu zamani. Sifa ya jumla ilikuwa rahisi; sasa imekuwa bure; na kitu cha bure hakimnunulii mtu nafasi. Kilichobaki na thamani ni kile ambacho mashine haiwezi kukijua mpaka uiambie: jambo ulilolifanya wewe, mahali fulani, mwaka fulani, mbele ya watu fulani.

Wapo wapinzani wawili ninaopaswa kuwajibu, nao wanakuja kutoka pande mbili zilizo mbali.

Mpinzani wa kwanza ni mwungwana. Yeye husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Amelelewa kuona kuwa mtu kujisema ni utovu wa haya, na kwamba wema hunyamaza mpaka utajwe na wengine. Namstahi mpinzani huyu, maana methali yake ni ya kweli mahali ilipozaliwa. Kijijini au mtaani, seremala hahitaji karatasi. Mlango alioutengeneza uko katika nyumba ya jirani. Kila apitaye auona ukifungwa na kufunguliwa, na auona ukikaa sawa baada ya masika mawili. Lakini ofisi ya leo ni mahali pa wageni. Anayeyasoma maombi hajauona mlango, hamjui jirani, hajafika mtaani. Huyo tumwambie nini? Waswahili hao hao waliotupa methali ya kwanza walitupa na ya pili: asiyekujua hakuthamini. Kumletea mgeni habari za mlango ulioutengeneza, na nyumba ulipo, na jina la mwenye nyumba ili aende akaulize, si kujitembeza. Ni kumfungulia njia ya kujua. Haya ni pambo la mtu maadamu haimzuii kusema kweli. Ikimzuia kusema kweli, imekuwa uwongo wa kimya.

Uwongo huo wa kimya ni mwingi kuliko watu wadhanivyo, na wenye kuusema ni maskini zaidi kuliko matajiri. Nilimjua mwanafunzi mmoja wa kike aliyeniletea wasifu wake niutazame. Ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu, nao ulikuwa mtupu. Katika sehemu ya uzoefu wa kazi aliandika kuwa hana. Nilimwuliza alikuwa akifanya nini likizo na siku za mwisho wa juma. Akaona haya, kisha akaniambia kuwa alikuwa akimwandikia mama yake daftari la kikoba. Kikoba kilikuwa na wanachama 30. Kila Jumapili aliandika hisa za kila mmoja, mikopo iliyotoka, marejesho yaliyoingia, faini za waliochelewa. Na mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, yeye ndiye aliyefunga hesabu. Kazi hiyo aliifanya miaka minne, na katika miaka hiyo minne fedha za sandukuni hazikupungua daftari hata mara moja. Nikamwuliza mbona hakuyaandika hayo. Akajibu: “Mwalimu, ile si kazi, ni mambo ya nyumbani tu.”

Jibu lile lilinisumbua kwa muda mrefu. Nani aliyemfundisha kuwa ile si kazi? Watu thelathini walimwamini kwa akiba zao, naye akaandika kuwa hana uzoefu. Kisha, ili kuijaza karatasi, akaandika kuwa apenda kusafiri, naye alikuwa hajapata kusafiri ila kutoka kwao hadi chuoni. Alificha kweli iliyomheshimisha, akatoa uwongo usiomsaidia. Wengi wako kama yeye. Yupo aliyefundisha watoto wa mtaa masomo ya jioni. Yupo aliyekuwa mweka hazina wa kwaya au wa madrasa. Yupo aliyeshika duka la baba yake tangu darasa la saba. Yupo aliyelima na kuuza nyanya mpaka ikapatikana ada. Hao wote huandika kuwa hawana uzoefu, kwa sababu hawakuambiwa kuwa uzoefu ni tendo lenye majukumu na matokeo, si kiti chenye magurudumu.

Mpinzani wa pili ni mchuuzi. Yeye husema kuwa dunia ni soko, kwamba kila mtu anaongeza chumvi, na asiyeongeza atabaki nyuma. Kwake cheo cha msaidizi huwa cha meneja, wiki sita huwa mwaka, na lugha aliyoisikia redioni huwa lugha anayoisema kwa ufasaha. Mpinzani huyu hataki heshima, yataka tumwonyeshe hasara. Aprili 2017, taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa Tanzania ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma. Watumishi 9,932 walitajwa humo kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamekaa kazini miaka mingi. Walikuwa wamejenga juu ya karatasi ile nyumba, ndoa na ada za watoto. Karatasi ilipovutwa, vyote vikatikisika pamoja. Kutia chumvi katika wasifu si sawa na kughushi cheti, lakini ni njia moja, na tofauti yake ni ya hatua, si ya upande. Njia ya mwongo ni fupi. Na hata pale inapokuwa ndefu, mwenyewe huitembea akitazama nyuma.

Tena mchuuzi huyu amekosea hata katika sanaa anayojidai nayo. Kujisifu nako kuna kanuni zake, na fasihi yetu inazijua. Wahaya, na majirani zao Wanyankole wa Uganda, wana vivugo, tungo ambazo shujaa hujisifu mwenyewe mbele ya hadhara. Katika tungo hizo shujaa hajiiti hodari akanyamaza. Hutaja pambano, hutaja mahali, hutaja wenzake waliokuwapo. Hadhara inayosikiliza ina watu wanaoyajua mambo hayo, na mwenye kuvuga ajua kuwa wanajua. Ukali wa lugha yake umefungwa kamba kwenye tendo, kama mbuzi kwenye mti; aweza kuruka, lakini hawezi kupotea. Ikiwa utanzu wa majigambo hasa wataka ushahidi, seuze wasifu, ambao haukupewa ruhusa ya kujigamba?

Kisha kuna somo jingine ambalo si mwungwana wala mchuuzi aliyelishika, nalo ni kumfikiria msomaji. Mfano wake bora wanaoujua ni wa Leonardo da Vinci. Karibu na mwaka 1482, akiwa na umri wa miaka kama thelathini, alitunga barua kwa Ludovico Sforza, aliyekuwa akitawala Milan, kuomba kumtumikia. Leo twamjua Leonardo kwa picha zake. Mtu angetazamia kuwa barua ingeanza na uchoraji. Haikuanza nao. Sforza alikuwa mtawala mwenye maadui, na Leonardo aliandika kwanza juu ya madaraja mepesi ya kubebwa vitani, juu ya kukausha maji ya mahandaki, juu ya mizinga, juu ya magari yaliyofunikwa, juu ya njia za chini ya ardhi. Akaendelea hivyo jambo kwa jambo, kwa mpango. Ndipo mwishoni akasema kuwa wakati wa amani aweza kujenga majengo, kupitisha maji, kuchonga sanamu, na kuchora. Akamalizia kwa kusema kuwa iwapo jambo lolote katika hayo litaonekana haliwezekani, yu tayari kulijaribu mbele ya mtawala mwenyewe.

Yafaa tuyaone mambo matatu katika barua hiyo. Mwandishi alijiuliza kwanza mwenzake ana haja gani, akaanza na haja hiyo, si na fahari yake mwenyewe. Aliyataja mambo yanayoweza kufanywa, si tabia zinazoweza kudaiwa tu. Na alijitoa apimwe. Aliyekuwa na haki kuliko wengi ya kujiita bingwa hakulitegemea neno bingwa. Wahitimu wetu hufanya kinyume: wasifu mmoja huupeleka benki, shuleni, hospitalini na bandarini, bila kubadili nukta. Hiyo ni sawa na kumwandikia barua moja mama mkwe na karani wa mahakama.

Sasa nitashuka kutoka kwenye hoja nije kwenye kazi ya mikono, maana mabishano yasiyomwachia mtu la kutenda ni kelele. Mwandishi wa wasifu alisome tangazo kama tunavyolisoma shairi gumu: neno kwa neno, akiuliza kila neno lataka nini. Auandike upande mmoja wa karatasi yale yanayotakiwa, na upande wa pili tendo lake moja kwa kila linalotakiwa. Lisilo na tendo aliache. Kisha apange matendo hayo ya karibuni kwanza na ya zamani baadaye, kwa kuwa msomaji hutaka kujua uko wapi kabla ya kujua ulitoka wapi. Jina, anwani na simu ziwe juu, na simu iwe inayopatikana. Mhitimu asizidishe kurasa mbili. Shule ya msingi yaweza kupumzika, isipokuwa tangazo limeitaka.

Kila tendo alieleze kwa kitenzi, kiasi, muda na matokeo. Tumrudie yule mwanafunzi wa kikoba. Angeweza kuandika kuwa ana uwezo mkubwa wa kutunza fedha na uaminifu wa hali ya juu. Badala yake tuliandika pamoja hivi: “Mwandishi wa hesabu za kikoba, miaka 4. Niliandika kila Jumapili hisa, mikopo na marejesho ya wanachama 30. Nilifunga hesabu za mwaka mara 4. Kila mara fedha zililingana na daftari.” Neno uaminifu halimo. Neno makini halimo. Neno uvumilivu halimo. Lakini msomaji mwenye akili atayasema yote matatu mwenyewe, na mtu huliamini zaidi neno alilolisema yeye kuliko alilosemewa. Hiyo ndiyo kanuni yote ya utanzu huu, nami naiweka kwa ufupi: mwandishi atoe tendo, msomaji atoe sifa.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Naona kuwa maneno hayo ya ofisi yana hekima kuliko yanavyosifiwa. Kujitosheleza hakuna maana ya kurefuka. Maelezo hujitosheleza pale ambapo msomaji hakubakiwa na swali la lazima: lini, wapi, kwa muda gani, nani alijua. Na mdhamini si pambo la mwisho wa karatasi, ni shahidi. Watu huandika jina la mheshimiwa aliyewaona mara moja tu, wakaacha jina la fundi aliyewasimamia wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Shahidi aliyeona ni bora kuliko mkubwa ambaye hakuona. Na shahidi aombwe ruhusa kabla, asije akapigiwa simu akauliza, “Nani huyo?”

Yapo pia ya kuachwa. Wasifu nyingi bado hubeba dini, kabila, hali ya ndoa, idadi ya watoto, na picha. Mwombaji huyaweka kwa mazoea. Mwajiri mwingine huyataka kwa mazoea, au kwa jambo baya kuliko mazoea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, yakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na nyinginezo, na ulinzi huo wamfikia hata anayeomba kazi tu. Wala asidhani mtu kuwa hatari hiyo ni ya kuwaziwa. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walitangaza matokeo ya jaribio lao nchini Marekani. Walituma karibu wasifu 5,000 za kubuni kujibu matangazo ya kazi katika magazeti ya Boston na Chicago. Baadhi ya wasifu walizipa majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu, na nyingine majina yanayodhaniwa kuwa ya Wamarekani weusi. Zenye majina ya kwanza ziliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Ikiwa jina peke yake laweza kufunga mlango, kwa nini tuongeze kufuli nyingine kwa mikono yetu? Jina haliachiki, kabila na ndoa zaachika. Kazi ya kuhesabu fedha haiulizi mtu anasali wapi.

Nimefika mahali pa kusema kwa nini jambo hili halinipi usingizi, ilhali wengine waliona dogo. Si zamani sana tangu maelezo ya mfanyakazi wa Kiafrika yalipokuwa hayaandikwi na yeye mwenyewe. Katika Kenya ya kikoloni palitungwa sheria mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyomlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, waajiri wake na ujira wake, na mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumruhusu aondoke. Karatasi hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma, ikaning'inizwa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikuwa wakiipinga mwaka 1921. Kipande kilikuwa wasifu, lakini wasifu ulioandikwa na mkono wa mwingine: mwenye maisha alikuwa mbebaji tu, na mwenye kalamu alikuwa bwana.

Leo kalamu imerudi mkononi mwetu. Kijana wa leo aweza kukaa chini akaandika: nilizaliwa hapa, nilisoma pale, nilifanya hili, waulizeni hawa. Hiyo si haki ndogo. Anapoichukua haki hiyo akaijaza maneno yasiyo yake, yaliyonakiliwa kibandani au yaliyotapikwa na mashine, amerudi kubeba shingoni karatasi iliyoandikwa na mwingine. Tofauti ni kwamba safari hii hakulazimishwa.

Lawama si zake peke yake. Waajiri wana fungu lao. Wao huandika matangazo yanayotaka uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya mwanzo, kisha hushangaa kuona vijana wa miaka ishirini na mitatu wenye uzoefu wa miaka mitano. Anayeuliza swali lisilojibika kwa kweli amejinunulia jibu la uwongo, na haifai alalamike juu ya bei. Aseme wazi kazi ni nini, ataka mtu aweze nini, naye akubali kuwa daftari la kikoba ni daftari.

Lakini fungu kubwa ni letu, sisi tunaofundisha. Kwa miaka mitatu au minne mwanafunzi yuko mikononi mwetu. Twamfundisha kuwa mhusika hujengwa kwa matendo, si kwa kuambiwa kuwa ni mwema. Twamkata alama akisema riwaya ni nzuri pasipo kutoa mfano. Twamwambia kuwa mwandishi lazima aijue hadhira yake. Hizo ndizo kanuni zote za wasifu, nasi tunazo mikononi. Tumekataa tu kuzivusha kutoka chumba cha mtihani hadi meza ya maombi, kwa hofu ya kuonekana tumeishusha fasihi. Naona kuwa tumeishusha kwa kutofanya hivyo. Elimu ya maneno isiyomsaidia mwenyewe kusema kweli juu ya maisha yake katika saa ya haja ni elimu iliyoishia darasani.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Kila mwanafunzi wa lugha, kabla ya kuondoka chuoni, aandike wasifu wake mwenyewe kwa Kiswahili, hata kama atakuja kuufasiri kwa lugha nyingine kwa ajili ya ofisi fulani. Ausomewe na mwalimu kwa ukali uleule tunaousoma mashairi kwao. Kila sifa isiyo na tendo ipigwe mstari mwekundu. Kila tendo lililofichwa kwa haya litafutwe, litolewe, lipewe jina lake. Yule mwanafunzi wa kikoba aliponirudishia karatasi yake mpya aliisoma kwa sauti mbele yangu, polepole, kama anayesoma habari za mtu mwingine, alipofika mwisho akaniuliza, “Mwalimu, kumbe hayo yote ni mimi?” Nilimwambia ndiyo, na kwamba yalikuwa ni yeye tangu zamani, kilichokuwa kimekosekana ni mwandishi.